Mafundo ya Nyasi Njia ya Karura

Jumapili zile, mteremko wa Loresho ulikosa kengele ya baiskeli ya Lazarus Were. Kahawa ilichanua na mbwa wa wazungu walibweka kama kawaida, lakini kengele iliyokuwa ikiwaamsha wapishi na mayaya haikulia tena, na hakuna aliyeuliza. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Kuuliza kulikuwa kosa.

Lazarus alitoka Kimilili kuja kutunza bustani ya mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kiatu, kwa ajili ya buti zake za kutembelea. Bwana Kiatu alikuwa na ofisi mjini, lakini moyo wake ulikuwa njiani. Kila Jumapili wawili hao walipanda baiskeli, mara kuelekea Dagoretti, mara kuufuata mto hadi mjini, na mara nyingi zaidi kwenda msitu wa Karura. Huko walificha baiskeli kichakani wakaenda kwa miguu hadi kwenye maporomoko. Njia zote alizivumbua Lazarus: za wakata kuni, za paa, na nyingine ambazo nyasi zilikuwa zimeanza kuzisahau.

Kabla ya kuingia msituni alifunga fundo la nyasi kando ya njia. Kwao msafiri hufanya hivyo ili alichokiacha nyumbani kimngoje. Bwana Kiatu alicheka, kisha akaiga. Mafundo yake yalikuwa makubwa, yenye masikio mawili kama ya kamba za buti.

Vita vya kuwafukuza wazungu vilipokuja, wapiganaji wakajificha msituni, na msitu ukapigwa marufuku. Bwana Kiatu hakuacha matembezi. Jumapili moja akasahau darubini yake juu ya jiwe kwenye maporomoko, na Jumatatu akamtuma Lazarus akailete.

“Usiende,” mkewe Phoebe akamwambia. Alikuwa na mimba pevu. “Sema unaumwa.”

“Nani huumwa Jumatatu mzungu akaamini? Nitafunga nyasi. Na wewe umzuie huyo ndani mpaka nirudi.”

Phoebe akacheka, mkono tumboni.

Askari walimkamata akitoka msituni, darubini ikiwa shingoni.

“Kuku zimeisha Kimilili,” akasema Sajini Mwanzia kambini, akiwatania watu wa huko kwa kupenda kuku, “mpaka unazifuata Karura?”

Askari wakaangua kicheko.

“Nimetumwa na bwana yangu, afande.”

“Na hii nyasi? Unaonyesha watu wa msituni njia?”

“Ni ya safari, afande. Yale mafundo yenye masikio ni ya bwana mwenyewe.”

“Ati mzungu anafunga nyasi! Sikieni huyu mganga!”

Hata hivyo afisa wao, mzungu, aliagiza Bwana Kiatu aitwe. Lazarus aliposikia gari, alijifuta damu mdomoni na kunyoosha shati. Alihitaji neno moja tu: nilimtuma.

Bwana Kiatu akaingia na buti zake.

“Bwana, waambie,” Lazarus akasema. “Neno moja.”

Bwana Kiatu akaitazama darubini mezani, kisha akamtazama afisa, aliyekuwa akinywa naye klabuni. Kulisema neno lile kulikuwa kukiri kwamba yeye pia aliingia msituni.

“Huyu boi ya shamba,” akamwambia sajini. “Mimi hapana tuma yeye. Darubini yeye naiba.”

Kisha akainama kufunga kamba ya buti, ingawa haikuwa imelegea. Masikio mawili makubwa yakatokeza. Sajini Mwanzia aliyaona. Akatazama dirishani.

Bwana Kiatu akaondoka na darubini yake. Lazarus alipigwa nyayo kwa mjeledi wa kiboko mpaka akashindwa kusimama, kisha akapakiwa kwenye lori la mahabusu. Kesho yake Phoebe alifukuzwa Loresho, godoro kichwani. Alijifungua Kangemi, katika nyumba ya watu asiowajua, na homa ikamchukua kabla mtoto hajapewa jina. Mwenye nyumba alimwita Nanyama, jina la mama yake mwenyewe.

Lazarus alipoachiliwa, Nanyama alikuwa ameanza shule. Alimwamkia baba yake kama anavyoamkiwa mgeni.

Sasa Lazarus anakaa Mutuini, chumba cha nyuma kwa Nanyama. Nyayo zake hazikupona; kutoka kitandani hadi mlangoni, njia pekee iliyombakia, huenda kwa magongo.