Fundi Bomba na Wodi ya Watoto Njiti

Kitu cha kwanza ambacho muuguzi wa wodi ya watoto njiti alikiona kwa fundi bomba wa hospitali ni jinsi anavyopima maji ya moto: hukinga kwanza kifundo cha mkono, kama mama anayetaka kuogesha mtoto, ndipo achomoe kipimajoto mfukoni. Kila asubuhi hufungua mabomba ya vyumba visivyo na wagonjwa na kuyaacha yatiririke huku akiimba puani. "Babu, leo unamwagilia bustani gani?" wauguzi humtania. "Yenu nyinyi, wajukuu zangu," hujibu bila kugeuka. Mabomba ya wodi ya watoto njiti, asikoingia ovyo, huwaachia wao wayafungue.

Vipimo vilipoonyesha bakteria kwenye maji ya wodi hiyo, watoto walihamishiwa chumba kingine, wakabanana, na muuguzi akabaki ameshika tama. Fundi alikagua sinki baada ya sinki, akakuta bomba la pembeni limefungwa kwa bendeji.

"Ni mimi, babu. Linapiga kelele, linawaamsha watoto."

Muuguzi alingoja kukaripiwa. Fundi alifungua fundo taratibu. "Uliwaonea huruma, mjukuu wangu. Ila maji yakikaa tu humo ndani, wadudu wanazaliana." Akabadilisha wosha, kile kipira cha ndani kilichochakaa, akayasafisha mabomba yote kwa maji ya moto, kisha akalifungua lile bomba. Halikutoa hata mlio. Akalitazama kwa furaha, kama mtu aliyembembeleza mtoto akalala.

Sasa sampuli mpya ya maji iko maabara. Fundi ameketi koridoni kati ya akina mama wa watoto hao, na simu ya muuguzi ikiita, wote huinua vichwa.