Miaka miwili sikujua nimwiteje profesa wangu wa seli T hapa Toronto

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimejipa moyo niandike. Wazee wa kudai chai, hapa hamna chai wala uongo. Majina tu ndiyo nimebadilisha, mengine yote yalinikuta mwenyewe.

Nianze kwa kusema mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mtu akiniuliza "umekula?" naanza kujiuliza kwa nini kaniuliza, nimekonda au? Mkilijua hilo, yanayofuata hayatawashangaza.

Mwaka 2013 nilitoka Morogoro kuja Toronto kusoma masters ya immunology, yaani elimu ya kinga ya mwili. Nilipanga chumba cha basement kule Downsview, jirani na maghala, na asubuhi nakwenda lab katikati ya mji.

Msimamizi wangu nitamwita Rosa. Ni Mgoa, Mkatoliki, kazaliwa Tanga na akaondoka akiwa msichana. Nywele nyeupe kabisa. Kiswahili chake cha Tanga hakijapata kutu, ila lab alikitoa mara chache sana, kama mtu anayebana akiba.

Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye seli T.

Kwa wasiojua, hizo ni chembe za damu zinazotambua ugonjwa. Shule tulifundishwa kwamba ni askari. Yeye alikuwa hapendi hilo neno. Alikuwa anatuambia, "Askari ana macho. Seli T haina macho, inapapasa. Inagusa seli hii, inaridhika, inaenda kwa nyingine. Mpaka iguse yenye shida."

Na seli T zikipambana na ugonjwa mmoja kwa miaka mingi, zinachoka. Zipo, ila hazifanyi kitu. Swali lake Rosa lilikuwa hili: zikipumzishwa mbali na ugonjwa, zinaweza kuamka?

Sasa turudi kwangu.

Siku ya kwanza aliniambia kwa Kiingereza, "Hapa hakuna Profesa. Mimi ni Rosa."

Wakuu, yule mama ni rika la bibi yangu. Nimwite Rosa? Mdomo ulikataa.

Nikafikiria Profesa, lakini si amekataza? Nikafikiria Mama Rosa. Nikajiuliza, je kama hana watoto, nitakuwa nimemtonesha? Je akiona namzeesha mbele ya watu? Shikamoo je, kwenye lab ya Wazungu, si atajiona amevuliwa cheo?

Uamuzi wangu ukawa kutomwita kabisa.

Nikimhitaji, natembea hadi alipo, nasimama pembeni, nasubiri ageuke. Email zangu zinaanza na "Hello" halafu mkato. Asubuhi nainamisha kichwa kidogo na kupita. Nikajiambia hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mwenzangu wa lab, Zahra, binti wa Kiismailia aliyezaliwa hukuhuku, wazazi wake wa Kenya, anaelewa Kiswahili ila anajibu zaidi kwa Kiingereza. Alikuwa ananiita mzimu. "Just say her name, bro," ananiambia, "siku moja utamuua kwa mshtuko."

Hata mama yangu aliniuliza kwenye simu, "Huyo mwalimu wako unamwitaje?"

"Simwiti."

"Humwiti? Mbuzi tunawaita, mwalimu humwiti?"

Nikabadilisha mada.

Miaka miwili ikapita hivyo. Rosa akatangaza anastaafu mwisho wa kiangazi na lab inafungwa.

Lile swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeugua ini miaka mingi kwa sababu ya kirusi, akajitolea damu yake kwa ajili ya utafiti, kisha akafariki. Seli zake zilihifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni. Majaribio ya nyuma yalikwama moja baada ya jingine, vichupa vya seli zake vikaisha, kikabaki kimoja. Kikiharibika, hakuna pa kupata kingine. Mzee hayupo.

Rosa akasema hicho cha mwisho atakiyeyusha kwa mkono wake.

Kuyeyusha seli ni kazi ya haraka na upole kwa pamoja. Unakishika kichupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kikibaki na kipande kidogo cha barafu unakitoa, kisha unaongeza ile lishe ya seli, kimiminika cha pinki, tone kwa tone. Ukichelewa zinakufa. Ukikimbiza zinakufa.

Asubuhi ile Rosa alikaa kwenye kabati lake la hewa safi, lile tunaloita hood, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa kwenye hood ya upande wa pili, naandaa sahani za kuzilea. Mafeni yanavuma, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kupungua.

Nikatupa jicho pembeni ya kiwiko changu. Chupa ya pinki ipo pale. Ile moja nzuri ya siku ile, niliyoipasha moto mwenyewe.

Nikageuka. Rosa naye ana chupa ya pinki, amekwisha kuifungua.

Nikaelewa. Jana yake tulikuta chupa moja imeota ukungu, ikawekwa alama kwenye kifuniko ili imwagwe. Haikumwagwa. Mtu aliisahau kwenye beseni, na Rosa alikuwa amevua miwani kwa sababu barakoa ilikuwa inaitia mvuke, hivyo hakuiona alama.

Tone moja la ile chupa na yule mzee wa watu amepotea mara ya pili.

Wakuu, mwili wangu ulianza kufanya ulichozoea. Ulisimama, ukataka kwenda kusimama pembeni yake usubiri ageuke. Pipeti, ule mrija wa kunyonyea, ilishaingia kwenye chupa.

"Mama! Mama, ngoja!"

Lab nzima iligeuka. Mkono wa Rosa ulisimama hewani.

"Nini?"

"Hiyo ina ukungu."

Akainyanyua kwenye taa. Kulikuwa na kawingu kadogo kanaelea ndani. Akaifunga, akatupa pipeti, akabadilisha glavu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Lete yako."

Nikampelekea. Akaongeza tone kwa tone, mkono umetulia kabisa. Alipoweka seli kwenye mashine ya kuzungusha ndipo akakaa kwenye kistuli na kunigeukia.

"Kumbe una sauti," akaniambia kwa Kiswahili.

"Samahani sana, sikukusudia kukuita..."

"Kuniita nini? Mama? Tangu lini mtoto anaomba radhi kwa hilo?"

"Niliogopa, kwa sababu siku ya kwanza ulisema..."

"Mimi nilidhani nimekukosea," akasema. "Nilimuuliza mume wangu, huyu kijana wa Morogoro nimemfanya nini? Ananipita kama mtu mwenye deni langu. Nikasema labda kazi yangu imemchosha, anasubiri tu aondoke."

Miaka miwili nilikuwa najenga heshima, mwenzangu upande wa pili anaona ukuta.

"Niliposema hapa hakuna Profesa," akaendelea, "nilikuwa naongea na Wakanada. Wewe ungenipa shikamoo ningetembea nayo wiki nzima."

Basi nikasema shikamoo. Mchana kweupe, tumevaa makoti meupe na glavu. Akaitika marahaba bila kucheka.

Zahra akasema "Finally," akarudi kwenye kazi yake.

Tukatia rangi ya bluu kidogo kwenye seli. Zilizokufa zinanywa ile rangi, zilizo hai zinaikataa. Akaniachia hadubini nitazame kwanza. Nyingi zilikuwa zinang'aa, nyeupe.

Tulizipumzisha, tukazilea, kisha tukazionjesha kipande cha kile kirusi cha ini. Tulipotazama majibu pamoja, sitawadanganya, nyingi zilibaki zimelala. Lakini zilikuwepo zilizoamka.

Rosa akasogeza kistuli karibu na kioo cha kompyuta.

"Mzee wa watu," akasema. "Hazikuwa zimekufa moyo. Zilikuwa zimechoka tu."

Lab ilifungwa kiangazi kile kama ilivyopangwa. Mimi niliendelea na fani hiihii, na Jumapili nyingine nakwenda kwake kula.

Nilichojifunza ni kwamba heshima unayoifungia kifuani mwenzako haioni. Anachoona ni mtu anayempita. Kama kuna mtu mzima unamzunguka kwa sababu hujui umwiteje, mwite. Ukikosea atakusahihisha, na hapo mtakuwa mmeshaongea.

Nyie mlio ugenini, wakubwa wenu wa kazi mnawaitaje? Mwageni uzoefu. Na wajuzi wa biolojia mkiona nimeteleza mahali, nisahihisheni taratibu, maana nitaliwaza hilo mpaka Ijumaa.