Kankindi, Munganga wa Ng'ombe wa Nyakabere

Kankindi alikuwa mke wa mkulima wa mpunga kule Nyakabere, katika bonde la mto Ruzizi, ng'ambo ya Burundi. Kabla ya uhuru alijulikana kwa akina mama aliowazalisha tu. Ng'ombe hawakuwa kazi yake. Siku hizo ng'ombe akiugua, watu walimswaga mpaka Luberizi kwa daktari Mbelgiji, na ng'ombe wengi walifia njiani.

Uhuru ulipofika, Mbelgiji aliondoka na gari lake. Akabaki msaidizi wake Placide, mtu wa Uvira, na baiskeli na sanduku la dawa. Placide aliona hawezi kuwahi kila mahali, akaamua kufundisha mtu mmoja katika kila kijiji awe munganga, yaani tabibu, wa ng'ombe. Kwa Nyakabere alimtaka Kankindi.

Shemeji mkubwa wa Kankindi, Ndikumana, alikataa. Alisema mwanamke hashiki ng'ombe wa ukoo. Placide hakubishana naye. Aliomba tu Kankindi ajaribu kwa ng'ombe wa Ndikumana mwenyewe, aliyekuwa amelala tangu alfajiri, ndama amekwama tumboni.

"Mama, weye iko na mukono mudogo kuliko wangu," Placide alimwambia. "Paka sabuni, ingiza polepole. Tafuta muguu."

Kankindi aliupata mguu uliokuwa umekunjika, akaunyoosha huku Placide akimwelekeza, na ndama akatoka hai. Ndikumana alipiga magoti akamfuta ndama kwa majani. Tangu siku ile, mnyama wake akilegea kidogo tu, alikuwa wa kwanza kumwita shemeji yake.

Placide alikuja kila alipopata nafasi, akamfundisha habari za kupe, vidonda na homa. Zaidi ya yote alimwonya kuhusu kimeta: ng'ombe akifa ghafla na damu inatoka puani bila kuganda, asipasuliwe hata kama watu wana njaa.

Mwaka 1964 uasi ulishuka bondeni. Barabara ya Bukavu ikafungwa, na Placide akavuka Ruzizi kukimbilia Burundi. Dawa zilikwisha. Kankindi aliendelea na maji ya moto, mikono yake na yale aliyofundishwa.

Asubuhi moja dume la jirani yake Agathe lilianguka likafa, damu nyeusi ikilitoka puani. Kabla Kankindi na Agathe hawajaanza kuchimba shimo la kulifukia, kundi la waasi likatokea, visu mkononi. Walikuwa na njaa. Kankindi alisimama mbele ya mzoga, akawaambia kwamba atakayeupasua ataugua na atakayeula anaweza kufa. Mmoja wao alisema Kankindi anataka kuificha nyama kwa ajili ya watoto wake.

"Watoto wangu wamelala na njaa," Kankindi alijibu. "Nyama ni hii, na sikuwapa. Minye siwezi kuwapa ninyi kitu ninachokataza watoto wangu."

Mkubwa wa kundi, mtoto wa wafugaji wa milimani, aliinama akaitazama ile damu, kisha akarudi nyuma. Kwao alishaona watu wakizikwa baada ya kula nyama ya namna hiyo. Aliwaamuru watu wake wachimbe. Walichimba shimo refu, wakafukia na kuweka miiba juu. Wakati wa kuondoka alimwambia Kankindi asante, kwa sauti ndogo.

Vita vilipopoa, Placide alirudi kwa miguu, amekonda, bila sanduku. Alidhani atakuta mazizi matupu. Alimkuta Kankindi akimwosha ng'ombe kiwele, na nyuma yake ndama wakicheza. Ndikumana mwenyewe alimletea Placide ng'ombe mtamba kwa kamba, mbele ya watu wote, kama shukrani ya kijiji kwa kumfundisha Kankindi.

Placide aliisukuma kamba kando. Kisha akasema zawadi ile ni haki ya Kankindi.

"Minye ningejulia wapi?" Kankindi alimwambia. "Weye ulikuja mpaka kwetu. Pokea, baba."

Placide akaipokea kamba kwa mikono miwili. Kankindi alimletea maziwa, kisha akaanza kumwuliza juu ya ugonjwa wa mbuzi uliomshinda wakati Placide hayupo, wakakaa wakizungumza hata watu wengine wote wakaenda zao shambani.