Pikapu Iliyozimwa Njia ya Kate

Mama alitoa sharti tukiwa mezani: pikapu ikimaliza siku tatu za mashindano, inabaki kwetu, isipomaliza, inabadilishwa na mashine ya kusaga. Baba akakubali hata chai hajaimeza. Mimi nikacheka, nikadhani wanataniana. Kumbe hapakuwa na utani.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kuonekana Sumbawanga, na mwenye gari la zamani akawa kichekesho cha mji. Ndipo wafanyabiashara fulani wakaandaa mashindano ya magari makuukuu peke yake. Siku ya kwanza kuteremka bondeni hadi Kaoze, ya pili kupanda kurudi mjini, ya tatu kwenda Kate na kurudi. Atakayeingia uwanja wa mpira baada ya saa kumi jioni siku hiyo ya tatu, hahesabiwi.

Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika miaka nenda rudi. Chama kilipokufa, akainunua pikapu aliyokuwa akiiendesha. Selfu yake nayo ilikuwa imekufa, kwa hiyo haiwaki mpaka isukumwe. Tuliilaza kwenye mteremko kama watu wenye akili.

Mama hakuwa mkorofi. Nasema hivi kwa sababu wengi walimsema. Kila Jumamosi alijitwika debe la mahindi hadi mashineni Kasense, akapanga foleni, akarudi shingo imekakamaa, na pikapu iko pale nyumbani haina mafuta. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kutupa mashine iliyotumika, yeye achukue pikapu aikate auze vipande. Wafugaji waliohamia kutoka Usukumani walitafuta sana ekseli na matairi ya kutengenezea mikokoteni ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa tu nyumbani, hasira ziko puani. Baba akanichukua niwe msomaji wake wa njia: nishike saa na ile karatasi ya vituo. Kaoze tulifika salama. Kesho yake kwenye kupanda ule mlima, rejeta ilichemka mara tatu, tukaimwagia maji yetu ya kunywa. Wenzetu wawili waliishia hapo. Sisi tulifika mjini midomo imekauka, na nilimpenda baba yangu siku ile kupita kiasi.

Siku ya tatu tuligeuza Kate saa saba na nusu. Kwa mwendo wetu tulihitaji saa mbili na robo. Nikapiga hesabu, nikamwambia, "Baba, tuna dakika kumi na tano za kuchezea. Pikapu ni yetu!"

Hatukwenda mbali. Mbele yetu akatokea mwanamke ametoka shambani, jembe begani. Alikuwa bibi, mama yake mama. Baba akapunguza mwendo.

"Usisimame!" nikasema. "Mpigie honi, mpungie mkono. Ataelewa."

"Nimpungie mkono mama mkwe?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia amtukane.

Akasimama. Halafu, Mungu wangu, akazima gari. Pale palikuwa tambarare tupu! Lakini kwetu mwanamume hamsalimu mama mkwe akiwa amekaa garini, injini inanguruma. Akashuka, akachuchumaa kando ya barabara, akageuzia uso majanini, akapiga makofi polepole. Bibi naye akachuchumaa upande wake, akitazama kwingine. Wakaanza habari za nyumbani, ulezi, mbuzi, kikohozi cha babu. Hakuna aliyekuwa na haraka.

"Bibi, tuko kwenye mashindano!" nikapiga kelele.

"Nayaona, mjukuu wangu. Mama yako hajambo?"

Nilitamani kulia. Walipomaliza, nikashuka kusukuma, pikapu haikutikisika. Bibi akatazama barabara yote, hakuna mtu. Akajifunga kanga vizuri, akaniambia, "Mwambie baba yako aingie, na asitazame nyuma." Basi mama mkwe akasukuma gari la mkwewe! Tulisukuma, tukapumzika, tukasukuma tena, mpaka tukapata kijiteremko. Baba alikuwa ameuinamia usukani kwa aibu, hata asante alinituma mimi nimpe.

Tuliingia uwanjani saa kumi na dakika nane. Mama alikuwa pale, amevaa gauni lake la kanisani.

"Imekuwaje?"

"Mafuta yaliingia uchafu," baba akasema.

Nilipofungua mdomo, akanikanyaga mguu. Baadaye akaniita pembeni. "Nikimwambia, atalivunja neno lake kwa ajili ya mama yake. Atabeba debe mpaka azeeke. Wewe nyamaza."

Nilinyamaza, ila sikumsemesha wiki nzima. Pikapu ikaondoka. Mashine ikafungwa kibandani, baba akawa msagaji, mweupe wa unga toka asubuhi. Mama alifurahi kweli, aliimba akipepeta.

Miezi miwili baadaye bibi akaja na kikapu cha ulezi. Hajakaa vizuri, akaanza kuwasimulia majirani huku anacheka, "Mnaniona hivi? Mimi nimesukuma gari! Mkwe wangu alisimamisha mashindano yake anisalimu!"

Mama akaweka ungo chini. Akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akatoka hadi kibandani, akapita katikati ya wanawake waliopanga foleni. Nikamfuata mbio.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza baba.

"Ningekuambia, ungeniachia gari."

"Ningekuachia, ndiyo! Ulilipenda! Mimi nimekaa hapa nacheka miezi miwili, na wewe unaniangalia tu?"

Sijawahi kumwona mama analia mbele za watu kabla ya siku ile. Baba akataka kumfuta machozi, akasahau mikono yake, akampaka unga uso mzima. Wanawake wakaangua kicheko. Mama akaishika ile mikono, akawa hataki kuiachia, na analia tu.