Picha ya Mwita Niliyoitundika Juu Mno

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mume wangu akinisikia nikisema hivyo hucheka tu, maana anajua ni kweli. Ni siku niliyofungua maonyesho ya picha za rangi pale Kerende, ndani ya ukumbi wa kanisa. Ilikuwa miaka ya rashi, dhahabu ilipoita watu kutoka kila mkoa, na vijana wetu wakaacha jembe wakashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuchimba.

Mimi nilikuwa msichana mwenye kamera. Nilipewa na mjomba wangu wa Migori, na filamu nilimpelekea yeye huko ng'ambo ya mpaka akazisafishe, kwa kuwa huku kwetu picha za rangi hazikuwa na wa kuzisafisha. Sikupita kwenye duara bila kuitwa, "Dada, njoo utupige!" Nasema bila haya, nilikuwa fundi. Mchimbaji niliyempiga mimi ulimwona hadi vumbi la mawe kwenye kope. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mchungaji aliponiruhusu kutundika picha zangu Jumapili baada ya ibada, nilifanya mbwembwe zote nilizozijua. Kuta za ukumbi zilikuwa nyeupe, za chokaa. Nikaona ni za kimaskini, nikazifunika kwa vitambaa vyekundu. Nikatundika picha tisini, kila moja na kioo chake, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, zimebanana mpaka fremu zinagusana. Nikazungushia urembo wa Krismasi unaometameta. Wenye maduara, wale wenye mali, nikawaweka katikati. Nikarudi nyuma, nikashika kiuno, nikajiambia chema chajiuza.

Sasa katika picha hizo ilikuwemo ya Mwita, kijana wa Nyamwaga aliyefukiwa na duara miezi michache kabla. Hakuwa amepigwa nyingine maishani mwake. Mama yake alipopata habari kwamba sura ya mwanawe iko Kerende, alitoka nyumbani alfajiri kwa miguu, viatu vyake vya kanisani amevishika mkononi visichafuke. Akavivaa mlangoni, akaingia.

Alipita ukuta wote, taratibu. Akarudia. Kisha akanijia.

"Binti, mwanangu hayumo."

"Shikamoo, mama. Yumo. Yule pale juu, karibu na pembe."

Akainua uso, akakinga macho kwa kiganja. Kioo kilikuwa kimeshika jua lote la madirisha ya upande wa pili.

"Naona jua tu," akasema. "Jua na wekundu."

Hakunilaumu. Alikwenda kukaa benchi la nyuma, akaanza kuvua viatu avishike tena mkononi, arudi zake.

Baba yangu, tuliyemwita Tata, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Mfugaji yule hakuwahi kuisifu kamera yangu hata siku moja. Akaniita pembeni, na wala hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Gati, tulipokwenda kukagua ng'ombe wa mahari ya dada yako, walituonyesha nini?"

"Ng'ombe, Tata."

"Walituonyesha zizi! Vumbi, pembe na mikia. Nikakataa. Nikawaambia toeni mmoja mmoja, asimame pale penye nyasi, na jua liwe mgongoni kwetu. Hapo ndipo nikajua yupi mgonjwa na yupi wa kujivunia. Na wewe, mama wa watu ametoka Nyamwaga kwa miguu, unamwonyesha zizi?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini aibu ikiwa na kazi mbele yake haikai muda mrefu. Nilimpigia mama yule magoti, nikamwomba anisubiri kidogo. Wachimbaji waliokuwa duara moja na Mwita wakapanda juu ya mabenchi bila kuambiwa mara mbili. Vitambaa vyekundu vikashuka, na ule urembo, na zile picha kubwa za matajiri, ingawa mmoja wao alinuna. Katika picha tisini nikabakiza ishirini. Ya Mwita nikaitoa kioo, nikaipeleka ukuta ambao mwanga unaujia ubavuni, ikakaa peke yake. Nikamwita mama yake asimame pale, nikapima urefu kwa macho yake, si kwa yangu. Alikuwa mfupi, tena mgongo umeinama.

Kabla ya kusogea alivaa viatu vyake tena. Juu ya chokaa nyeupe shati la Mwita lilikuwa la bluu hasa, na kile kicheko chake unakiona chote.

"Shati hili la nani?" mama akauliza. "Mwanangu hakuwa na shati la bluu."

Kijana mmoja kutoka Shinyanga akavua kofia. "Ni langu, mama. Aliliazima. Alisema picha ya rangi mtu hapigwi na shati la kazi."

Mama akacheka, machozi yakimtoka. "Basi ndiye. Kwa maringo, ndiye!" Akapiga kigelegele kimoja kirefu, akawageukia watu. "Njooni mumtazame mwanangu!"

Wakaja mmoja mmoja, hata yule tajiri aliyenuna. Nilijivuna siku ile, na leo bado najivuna. Tata alinipita akaniambia tu, "Sasa umemtoa zizini." Hakunisifu tena mpaka anaaga dunia, na sikudai zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayejiandaa kutundika picha zako, nisikilize mimi bibi mwenye studio ya picha pale Nkende. Chema hakijiuzi kikiwa kimesongwa. Ukiwa na kizuri, kichague, ukipe nafasi yake, wala usikirembe kwa kitu kinachokishinda kung'aa. Mwanga uangukie kazi, usimchome anayeitazama. Pima kwa macho ya yule aliyetoka mbali zaidi, na ukuta wako mweupe usiuonee haya.

Mungu auimarishe mkono wako. Na yeyote utakayemtundika, mama yake asirudi nyumbani na viatu mkononi kabla hajamwona. Amina.