Mvinyo Wenye Kizibo cha Gunzi

Nakiri mwenyewe kabla sijasemewa: ujuaji ndio ulioniponza. Ruksa ya kuuza bidhaa za nje ilipokuja, sisi tuliozoea foleni ya sukari tukaona mvinyo wa kigeni madukani hapa Same. Basi walimu watatu tukawa tunakutana kwangu Jumapili mchana, tunaonja na kutoa maoni. Bingwa, bila kuchaguliwa na mtu, nilikuwa mimi.

Jumapili hiyo nilikuta kabatini chupa yenye lebo ya kigeni. Nikajua mke wangu kanifichia zawadi. Kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi, nami nikawaeleza wenzangu, macho makavu, kwamba mvinyo wa zamani hufungwa hivyo.

Nikaonja, nikafumba macho.

"Nasikia ugoro. Halafu moshi wa kuni. Tangawizi, ile ya mtu mwenye kikohozi. Na koti lililolowa mvua."

Maneno yalikuja yenyewe, hata mimi yakanishangaza. Wenzangu hawakucheka. Walikuwa wanatazama nyuma yangu.

Mlangoni alisimama bibi yake mke wangu, aliyeshuka juzi kutoka kijijini kwao Kighare, milimani. Mumewe alifariki kabla sijaoa. Sikuwahi kumwona hata kwa picha.

"Shikamoo, bibi," nikasema, glasi mkononi.

Akaitazama chupa mezani.

"Hiyo ni dengelua, pombe yetu ya miwa. Ndiyo aliyoionja mwisho mzee wangu. Ilimshinda kumeza, akairudisha humohumo chupani. Nimeitunza, nikaja nayo kwa ajili ya tambiko."

Nikahisi ulimi wangu si wangu.

Bibi akanisogelea, akanitazama mdomoni.

"Ugoro ni wake, kikohozi ni chake. Lakini koti lake tulimzika nalo, mjukuu wangu, likiwa kavu kabisa. Kumbe limelowa?"