Njia ya Shangazi Kalekye

Njia ya Shangazi Kalekye iligharimu mbuzi mmoja, mifuko mitano ya saruji na Jumamosi nzima ya kijiji, na mpaka leo haijampeleka popote. Harufu ya udongo mwekundu uliolowa hunirudisha msimu ule wa mvua, nyumbani kwetu, mteremkoni juu ya soko la Tulia. Shangazi, dada yake Baba, alitumia kiti cha magurudumu na alisuka vyondo, vikapu vya katani visivyo na mfano. Kuviuza ndiko kulikomtesa. Baba alimsukuma hadi sokoni, na wanunuzi, badala ya kuongea naye, walipatana bei na Baba juu ya kichwa chake. Baba alikuwa muungwana. Ukimtajia bei mbaya aliikubali asije akakuudhi.

"Nitengenezewe njia nishuke peke yangu," Shangazi akasema. "Huyu kaka yangu atanimaliza kwa adabu."

Mwethya ukaitwa, kile kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima. Walikuja na majembe na nyimbo. Sasa, Mkamba akiona mteremko huona mvua ikimwibia udongo. Maisha yao yote walikuwa wamechimba matuta mashambani. Njia nayo wakaikata vivyo hivyo, ngazi baada ya ngazi, kila moja ikakingwa kwa mawe na saruji. Kufikia jioni ilipendeza ajabu. Maji yasingeteremka kwa fujo, wala gurudumu lisingeteremka kabisa.

"Umeona kazi, Kalekye?" akauliza Mama Mutindi, kiongozi wao, akijipangusa jasho.

Shangazi alisogeza kiti hadi ukingo wa ngazi ya kwanza. "Nimeona. Hata mvua itaomba ruhusa."

Wakacheka, wakala. Asante ya punda ni mateke, na hakuna kwetu aliyetaka kuwa punda mbele ya nyama.

Leo soko lina lami na taa, na vyondo ninaviuza mimi kwa wasafiri wa Makindu. Bei siachi kirahisi. Hata hivyo Shangazi, pale pale barazani, husikiliza hesabu yangu kisha huniambia, "Mnunuzi huyo ungeniachia mimi." Mara mbili nimeshika sururu nikabomoe zile ngazi. Mara mbili Mama Mutindi, sasa mkongwe, amepita, akazigonga kwa fimbo na kusema, "Bado imara, mwanangu." Sururu nikairudisha stoo. Kupatana bei najua; hili la kumwambia Mama Mutindi sijui hata pa kuanzia. Anayejua aniambie, kabla Shangazi hajachoka kungoja.